Bi Mahbuba wa Sorrel Fork na Watu Wake wa Kilimani

Bi Mahbuba, aliyezaliwa Delphia Ratliff. 11 Mei 1949 – 6 Novemba 2025.
Maneno ya mumewe, Thabit bin Hamood. Yamesomwa na mtoto wao Marhoon siku ya tatu ya matanga, nyumbani Al Amerat, Maskati.

Siku aliyozaliwa hapakuonekana mlima. Ukungu ulishuka alfajiri ukajaza bonde zima, na bibi yake Icy, aliyekuwa mkunga wa pande zile, alikuja kwa kupapasa, mkono mmoja kashika uzio, mpaka akagusa mlango. Ndivyo alivyohadithiwa, na ndivyo alivyokuwa akihadithia. Ilikuwa tarehe 11 Mei 1949, pahala panapoitwa Sorrel Fork, milimani West Virginia, Marekani. Akapewa jina Delphia. Baba yake, Everett Ratliff, alichimba makaa ya mawe. Mama yake, Lorene, alilima bustani ya ubavuni na kulea watoto wawili: Delphia na kaka yake mkubwa, Virgil.

Watu wa Maskati wakisikia Marekani hufikiria magorofa. Bi Mahbuba alikuwa akiwacheka. Kwao palikuwa na njia moja ya changarawe na kijito pembeni. Mvua ikizidi, kijito kinaipokonya njia. Nyumba za mbao zimeshikilia ubavu wa mlima kama kuku waliopanda tawini kulala. Nyumba ya kampuni ya mgodi, duka la kampuni, daktari wa kampuni. Maharage mabichi waliyatunga uzi kama asumini, wakayaning'iniza barazani yakauke, iwe akiba ya wakati wa baridi. Na jioni za mwezi wa sita vimulimuli walitoka majanini wengi mno. "Ukisimama mlangoni," alikuwa akisema, "hujui nyota zimeishia wapi." Akilisema hilo hufumba macho, na anayemsikiliza naye hujikuta kayafumba.

Wanaume wa bondeni walikohoa. Watoto walimtambua baba anayerudi kwa kikohozi chake, kabla ukungu haujamtoa. Everett alikufa tarehe 2 Februari 1968, ana miaka hamsini na moja, mapafu yamejaa vumbi la mgodi. Akazikwa kilimani.

Hicho kilima lazima kielezwe. Kiko juu ya nyumba za mwisho, na watu wa Sorrel Fork walizikana huko tangu wa kwanza wao alipovuka mlima na ng'ombe mmoja. Kila mwaka, Jumapili ya mwisho ya mwezi wa tano, ukoo mzima hupanda. Hung'oa majani, hufagia, huweka maua, kisha hutandika vitambaa pale pale wakala, wazima pamoja na waliolala. Asiyekuja huulizwa. Delphia alipandishwa mara ya kwanza ana siku kumi na nane.

Alisoma shule ya bondeni, chumba kimoja, jiko la makaa katikati, mwalimu mmoja kwa watoto wote. Akamaliza darasa la nane mwaka 1963. Shule ya juu ilikuwa mbali, saa moja na nusu kwa basi kwenda na nyingine kurudi, akaimaliza mwaka 1967. Halafu akaenda chuo cha uuguzi mjini, akapata cheti mwaka 1970. Mjini walimcheka anavyosema. Walimuuliza kama viatu kavianza kuvaa siku ile. Alikuwa hodari darasani, akafunga mdomo wake miaka mitatu, akafungua mikono. Cheti alipokipata alirudi milimani kuuguza watu wake, mpaka siku aliposoma tangazo gazetini kwamba Maskati wanatafutwa wauguzi. Akatafuta Maskati kwenye ramani. Akaona pana milima. Akaandika barua.

Alifika tarehe 9 Oktoba 1975. Alipangiwa zahanati iliyokuwa na gari la kuzungukia vijijini, na dereva wa gari hilo alikuwa Thabit bin Hamood, mzaliwa wa Unguja, aliyekuja Maskati mwaka 1971. Thabit hakusoma. Vibao vya barabarani havikumfaa kitu. Njia alizijua kwa majabali: jabali lililoinama, jabali jekundu, majabali mawili yanayozungumza.

Safari ya kwanza ilikuwa ya kijiji cha Yiti. Gari ilipanda na kushuka, na yule nesi mgeni anatazama nje. Kisha akauliza, nusu kwa Kiarabu cha kitabuni, nusu kwa mikono:

"Hii milima nani kaivua nguo?"

Thabit akacheka. "Imezaliwa hivi hivi. Kwani yenu inavaa?"

"Yetu imevaa mpaka shingoni."

Tangu siku ile wakawa wanasemezana. Kiswahili alikiokota garini, kipande kipande, kabla hajajua Kiarabu. Wanawake wa kijiji cha Sidab wanaojua Kiswahili walimwona mzungu anashuka garini anaamkia "Shikamooni," wakapigana vikumbo kwa kicheko. Lakini akiingia ndani kwa mwenye uchungu, kicheko kinakwisha. Mikono yake ilikuwa ya bibi yake Icy. Siku moja alimhadithia Thabit walivyomcheka kule mjini kwao kwa maneno yake ya milimani. Thabit akamwambia, "Mimi nikisema Kiarabu changu hapa Matrah, wananiuliza nimekiokota ufuoni au nimekinunua." Wakacheka hata gari ikapita njia panda ya kwenda wanakokwenda.

Alisilimu mwaka 1976. Posa haikuwa nyepesi. Mama yake Thabit, Bi Mwanamize, alikuwa hataki.

"Uzuri anao, mwanangu," alisema. "Kazi anayo. Watu wake nani? Mwanamke hana watu, siku akifa nani atasema huyu wetu?"

Delphia alikuwepo, keshaanza kusikia Kiswahili. Akakaa mkekani mbele ya Bi Mwanamize, aliyekuwa anachagua mchele. Akaanza. Yeye binti Everett, mwana wa Amos, mwana wa Elijah, na kurudi nyuma mpaka yule wa ng'ombe mmoja. Akamaliza wanaume akashika wanawake, kina Icy na Lorene na mama zao. Kisha akaanza kutaja kila mmoja kalala wapi: huyu chini ya mwaloni, huyu kwenye mteremko, huyu karibu na uzio. Bi Mwanamize akaacha mchele. Akasikiliza. Jua likahama dirishani.

"Basi, basi, mwanangu," akasema mwisho. "Nyumba imejaa, hatuna pa kuwakalisha."

Akageuka kwa Thabit. "Huyu ana watu kuliko sisi." Na yeye ndiye aliyempa jina la Mahbuba. Nikaha ilifungwa Ijumaa, tarehe 4 Machi 1977, Matrah.

Wifi yake, Kheiria, hakumpa nafasi ya kupumua. "Wifi, kwenu milima yote ile, hata mnazi mmoja hamna? Mchuzi mnatia nini, mawingu?" Bi Mahbuba akajifunza kukuna nazi kwa hasira ya maneno hayo. Mwaka wa kwanza ule alitunga maharage uzi kama kwao, akayaning'iniza barazani, nyuzi kumi na mbili. Jirani akaona, akaacha kupita upande ule. Kheiria akaja mbio.

"Wifi, jirani anauliza umemfunga nani kwa hizo nyuzi?"

"Nimeufunga mwaka mzima," Bi Mahbuba alimjibu. "Ntaufungulia chunguni."

Aliyapika kwa tui, na jirani yule yule akaleta bakuli. Kheiria alikuwa na wifi wa kuchokozana naye kwa miaka arubaini na minane, na leo kimya chake ndani humu kila mtu anakisikia.

Walijaaliwa watoto wawili, Marhoon mwaka 1979 na Manal mwaka 1983. Alifanya kazi mpaka mwaka 2004. Watoto aliowapokea hakuwahesabu. Wapo ndani ya jamaa hii wenye ndevu ambao yeye ndiye wa kwanza kuwashika.

Huku nyuma Sorrel Fork ikawa inapungua. Alipokuwa mtoto palikuwa na watu mia nne. Mgodi ukafungwa, vijana wakaondoka. Shule ikafungwa mwaka 1983, watoto wakapelekwa bonde la tatu. Duka likafungwa. Maji ya visima yakabadilika rangi, yakawa kama chai. Hospitali ya jirani ikafungwa, na ya pili yake ilikuwa mbali. Mwaka 1998, tarehe 17 Januari, Lorene alishikwa na moyo. Gari ya wagonjwa ilichukua saa mbili kufika kwa theluji, akafia njiani kwenye kona, Virgil kamshika mkono. Bi Mahbuba alipigiwa simu Maskati. Alikaa na ile simu mkononi mpaka alipoambiwa aiweke. Baadaye alisema kitu kimoja: yeye muuguzi, kapokea watoto wa watu wengine ng'ambo ya pili ya dunia, na mama yake kafa kwa kukosa wa kumfikia.

Posta nayo ikafungwa mwaka 2009. Wakabaki watu ishirini na sita. Kwenye redio za kwao, alisema, bonde lao lilitajwa siku za mafuriko tu.

Mwaka 2014, mwezi wa nne, Virgil alipiga simu. Kampuni mpya imenunua mlima. Inataka kuukata kuanzia juu ili ichukue makaa, na kilima cha makaburi kimo njiani. Wamekwenda wamehesabu makaburi kumi na moja, watayahamishia mjini. Bi Mahbuba akauliza, "Kumi na moja? Na wengine?" Virgil akasema wengine hawana mawe ya maandishi. Mwaloni umeanguka, vichaka vimeota, hata yeye haoni tena nani kalala wapi. Kampuni imesema: onyesheni makaburi. Majina matupu hayatoshi. Siku ya kuonyesha ni Jumapili ile ile ya mwezi wa tano.

Mumewe alikuwa hajapanda kwenda huko hata mara moja. Siku zote alikuwa kazini, na aliogopa baridi. Safari hii alikwenda.

Kheiria aliwasindikiza uwanja wa ndege. "Wifi, unavuka bahari saba kwenda kufagia?"

"Nnakwenda kufagia."

"Haya. Ukirudi baraza yangu nayo inangoja."

Walishuka kwenye ndege mbili wakaenda kwa gari mwendo wa saa tano. Walifika asubuhi. Ukungu ulikuwa chini, milima imevaa mpaka shingoni kama alivyosema, na nyumba zilitokea moja moja kama mtu anazikumbuka. Thabit alihisi anatembea ndani ya maneno ya mkewe. Hata harufu aliijua. Virgil alikuwa barazani, mtungi wa hewa ubavuni, bomba puani, kwa kuwa na yeye alichimba.

"Mwambie shemeji yangu," Virgil alimwambia dada yake, "huku hatuna ngamia, itabidi apande kwa miguu."

"Mwambie na mimi ngamia sijampanda maisha yangu," Thabit akajibu. "Mimi dereva."

Virgil akacheka mpaka bomba likamtoka, wakamrudishia.

Jumapili walipanda watu tisa. Ndio ukoo uliobaki, wote wazee. Mtu wa kampuni alikuwa keshafika, mtu mpole, kofia ngumu kichwani na ubao wa karatasi mkononi. Alipita kwenye mawe yaliyoandikwa, akasoma, akatia alama. Kumi na moja. Akangoja. Virgil na dada yake walitaja majina, wakasonta kidole huku na kule, wakabishana wao kwa wao: hapa, hapana pale, mwaloni ulikuwa wapi? Mtu wa kampuni akatazama chini kwa haya.

Mumewe hakusoma, kwa hiyo hakutafuta maandishi. Na kwao Oman kaburi halina maandishi. Jiwe kichwani, jiwe miguuni, na la tatu likiwa la mwanamke. Alikwenda vichakani mikono nyuma, akasimama penye jiwe dogo lililoota ukungu wa kijani. Akapiga hatua mbili na nusu. Jiwe jengine. Akarudi, akasogea pembeni, akaona mengine mawili. Yote yameelekea jua linakotokea.

"Mahbuba," akaita. "Njoo. Watu wako hawa hapa."

Mtu wa kampuni akaja, akasema mlima mzima una mawe.

"Muulize," Thabit akasema, "jiwe la mlimani hulala au husimama?"

Bi Mahbuba akafasiri.

"Haya yamesimama. Tena yamesimama mawili mawili. Muulize nani kayapanga."

Mtu wa kampuni akaliangalia lile jiwe muda mrefu. Kisha akafungua ukurasa mpya.

Basi wakafanya kazi hiyo siku nzima. Thabit mbele anaangalia mawe, wazee nyuma wanafyeka, na kaburi likionekana mahala pake, jina linarudi lenyewe. Wa ng'ombe mmoja alionekana. Icy alionekana. Penye mawe matatu Thabit akasema kwa uhakika, "Huyu mwanamke." Virgil akapiga magoti kwa kicheko.

"Mwambie shemeji, huyo mjomba Lige. Ndevu zake zilimfika kitovuni. Jiwe la tatu limebiringika kutoka juu."

Wazee wote wakacheka, kila mmoja akarudia "mwanamke," na hata mtu wa kampuni kofia ngumu ilimtikisika. Walikula vitambaani, mkate wa mahindi na maharage, na halwa ya Maskati ambayo vikongwe vya kule waliilamba mpaka kwenye karatasi.

Alasiri, ubavuni mwa Icy, Thabit aliona mawe mawili madogo. Akapiga hatua. Haikutimia moja. Akasimama, hakuita mtu. Virgil ndiye aliyekuja, akavua kofia. Kumbe mwaka 1952 Lorene alizaa mtoto akafa siku ile ile, na hakupata kusemwa tena nyumbani. Virgil alikuwa na miaka kumi na mbili, ndiye aliyembebea baba jembe. Bi Mahbuba alikuwa na umri wa miaka sitini na tano siku aliyojua kuwa alikuwa na mdogo wake. Alikaa chini kwenye majani akaweka kiganja katikati ya yale mawe mawili, na kiganja kikajaza nafasi karibu yote.

Makaburi yalifika arubaini na matatu. Mengi mno kuhamishwa, kampuni ikakubali kukizunguka kilima, kwa sharti. Njia ya kupandia iko ndani ya lango lao. Kila mwaka, Jumapili ile, jamaa waje waandike majina langoni. Mwaka ukipita bila mtu, itaandikwa barua. Wa pili ukifuata bila mtu, kilima kitahesabiwa hakina wenyewe.

Virgil alipanda kila mwaka na mtungi wake. Mwaka 2020, dunia imejifungia ndani, alipanda peke yake. Alikufa tarehe 8 Agosti 2021, akazikwa mjini, kwa kuwa theluthi ya njia ilikuwa imeporomoka na jeneza lisingepita. Wale wazee wengine waliisha mmoja mmoja. Kuanzia hapo Bi Mahbuba na mumewe walikwenda wenyewe, 2022, 2023, 2024, yeye na magoti yake. Lile kaburi dogo alilipelekea maua ya plastiki, yasife.

Marhoon hakuwa upande wake katika jambo hili. Mwenyewe kasema iandikwe.

"Mama, saa ishirini angani kwa ajili ya mawe?"

"Ndiyo."

"Si uwalipe watu wa huko wafagie?"

"Langoni waandike jina la nani?"

Marhoon hakwenda.

Maradhi yalianza Oktoba 2024. Figo. Akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, mumewe anampeleka, dakika arubaini kutoka Al Amerat mpaka hospitali. Kila wakipita mlimani alisema mama yake hakupata hii. Mwezi wa tano 2025 madaktari walikataa asipande ndege, na mumewe hakumwacha peke yake. Hakwenda mtu. Mwezi wa saba barua ya lango ikafika. Manal aliisoma kwa sauti mara moja, mama yake akaomba apewe, akaiweka chini ya mto.

Siku za mwisho, dawa zilikuwa zinamchukua na kumrudisha. Alasiri moja ya mwezi wa kumi alianza kuwataja watu wake, macho kafumba, vidole vinahesabu juu ya shuka. Akafika kwa Icy akapotea.

"Baada ya Icy nani?"

"Mjomba Lige," mumewe akasema.

Akafungua macho. "Halafu?"

Thabit akaendelea. Akawataja mpaka wa mwisho, pamoja na yule asiye na jina.

"We umewajua lini?"

"Miaka kumi na moja unawataja ukikuna nazi. Mimi si kiziwi."

Akacheka, kicheko cha zamani, mpaka muuguzi akachungulia. Halafu akauliza, "Nani atawafagilia?"

"Mungu yupo, Mahbuba."

"Mungu yupo, najua. Mimi nnaulizia ufagio."

Mumewe naye mzee. Ana miaka themanini na moja. Marhoon alikuwa amesimama dirishani, kawapa mgongo, na mgongo ule haukugeuka.

Jumatano, tarehe 5 Novemba, alianza kusema Kiingereza cha milimani, polepole, kama anamjibu mtu aliye chumba cha pili. Hakuonekana ana dhiki. Wakati mwengine alitabasamu. Mara moja alisema kwa Kiswahili, wazi kabisa, "Ngojeni, navaa viatu." Alifariki Alkhamisi, tarehe 6 Novemba 2025, sawa na mwezi kumi na tano Mfunguo Nane 1447, saa tano asubuhi, ana umri wa miaka sabini na sita. Alizikwa siku hiyo hiyo baada ya Alasiri, makaburi ya Al Amerat. Waliobeba jeneza walipokezana sana, kwa kuwa wengi walitaka.

Jana, wageni walipopungua, Marhoon alikuja kukaa karibu na baba yake.

"Baba, nimewapigia watu wa lango."

Baba akageuza uso kumtazama.

"Wameandika majina mawili. Langu na lako. Jumapili tarehe thelathini na moja, mwezi wa tano."

"Una viatu?"

"Ninavyo."

"Si hivyo. Vya matope."

Sauti ikatoka upande wa wanawake, kupitia pazia. Kheiria. "Majina mawili? Wanaume wawili ndio wakafagie watu wa wifi yangu? Ninyi ufagio mnaushika wapi?"

"Shangazi, una miaka sabini na nane."

"Nimekuuliza umri wangu? Andika watatu."

Marhoon akatoka nje na simu. Akarudi. Wako watatu.

Bi Mahbuba amemwacha mumewe, Thabit bin Hamood. Watoto wawili, Marhoon na Manal. Wajukuu watatu, Reem, Aflah na Jaifar. Na wifi yake, Kheiria. Bondeni Sorrel Fork hakumwacha mtu wa damu yake aliye hai. Kilimani amewaacha watu arubaini na watatu, na majina yao yote baba wa nyumba hii anayo kichwani. Kuanzia kesho Manal atakaa naye ayaandike.

Mwenyezi Mungu amrehemu, ampe usingizi mtulivu, na sisi atupe uzima mpaka mwezi wa tano.